Bonde Lisilo na Mtu

"Na mimi nichore basi," Nkwimba alisema, akatua dumu la maziwa kizingitini na kujipangusa jasho kwa upindo wa kitenge.

Tusekile Mwakibinga alicheka, akidhani ni utani. Nkwimba hakucheka. Alikuwa ameshaingia ndani na kusimama mbele ya ukuta wa kioo ulioonyesha bonde zima la Luhenge, kuanzia Bwawa la Mkwendu kule juu mpaka mji wa Mlimbazi kule chini, kila nyumba ikiwa imezungushiwa mstari mwembamba wa manjano. Alikuwa analitafuta boma lake.

"Hapa mto unapinda," alisema, kidole kikifuata maji. "Hapa pana ule mti uliopigwa na radi. Sisi tuko hapa. Mbona pameachwa peupe?"

Kituo kile cha ramani kilijengwa juu ya kilima, na mtunzaji wake alikuwa Tusekile peke yake, yeye na seva iliyonguruma chumba cha nyuma bila kuchoka. Siku hizo mashine za serikali zilikuwa zimejaa bondeni: ndege zisizo na rubani za kupeleka dawa, matrekta yasiyo na dereva, malango ya bwawa yaliyojifungua yenyewe. Hakuna hata moja iliyokuwa na macho ya kutegemea. Zote ziliiuliza seva: mahali fulani pana nini? Nayo seva ilizijibu kwa maumbo. Umbo la shule, umbo la zahanati, umbo la kijiji. Kisichokuwa na umbo kwenye seva, kwa mashine hakikuwepo duniani.

"Nyumba huchorwa ikikaa mahali pamoja misimu miwili," Tusekile alieleza, safari hii kwa upole. "Ninyi boma lenu linafuata majani, Mama Limi. Majina yenu yapo, yako, ya Baba Limi, ya watoto wote wawili. Lakini pale panapotakiwa umbo, seva haina cha kutoa. Na asiye na umbo hana boksi."

"Boksi ndilo nini tena?"

Tusekile alitafuta maneno. Hakupenda kumjibu Nkwimba ovyo. Miaka minne nyuma, mvua ilipokata barabara na uchungu ukamshika peke yake pale kituoni, ni Nkwimba aliyemzalisha. Alikata kitovu kwa wembe aliouchemsha kwenye birika, akampa mtoto jina la Kisukuma, Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvuani.

"Mfikirie ng'ombe amelala," alisema. "Unachukua kamba unamzungushia, lakini kamba lazima iwe na pembe nne, na pande zake zilale kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Unaivuta imbane kadiri iwezekanavyo, ila pembe isitoke nje, mkia usitoke nje. Hiyo kamba ndiyo boksi. Umbo lenyewe lina kona elfu moja, linaichosha mashine kulisoma. Boksi lina namba nne tu. Kwa hiyo seva ikitoa jibu, huliambatanisha na boksi, na mashine yenye haraka husoma boksi ikaachana na umbo."

Nkwimba aliwaza. "Sasa ndani ya kamba kuna ng'ombe, na kuna majani matupu pembeni, pale kati ya miguu na tumbo."

"Ndiyo."

"Na mashine haioni tofauti?"

"Inaona kamba tu."

Tusekile akagusa kioo, na kijiji cha Lupunga kikawaka. Kilikuwa kimejengwa juu ya vilima vitatu vilivyolizunguka bonde kama kwato, kikiacha uwazi upande wa kusini ambako mto ulitokea. Boksi lake likajichora kwa rangi ya bluu: mstatili mkubwa uliomeza vilima vyote, pamoja na bonde la katikati ambalo Lupunga hawakuwahi kujenga hata kibanda.

"Kumbe sisi tumo ndani ya kamba ya Lupunga," Nkwimba alisema, na sasa ndiyo akacheka. "Watu hawatutaki, boksi lao limetukaribisha."

"Nitaongea na wakubwa," Tusekile alisema. "Nitawaambia wanikubalie niwachore."

Na aliongea nao kweli. Wakamwambia asubiri kiangazi.

*

Kiangazi hakikufika. Masika yalikuja kabla ya wakati wake na kukaa kama mgeni asiye na kwao. Barabara ya Mlimbazi ikakatika kwanza, kisha daraja likaenda na maji, mji ukabaki kisiwa cha watu elfu arobaini. Mmoja wao alikuwa Kabula, aliyekuwa akisoma shule ya awali na kulala kwa bibi yake karibu na soko.

Mchana wa siku ile redio iliita. Alikuwa Mhandisi Kayombo, msimamizi wa bwawa, mzee ambaye Tusekile hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mwanangu, ukuta umepasuka," alisema. "Ufa unaingia kiganja changu. Maji yasipopunguzwa kabla ya jioni, bwawa linakwenda lote. Na likienda, Mlimbazi hatapona mtu."

"Fungueni lango la pembeni, mzee. Maji yapite bonde la Lupunga. Ndiyo kazi ya lile bonde."

"Bawabu amekataa."

Bawabu ndilo jina walilolipa ile akili iliyotawala malango. Zamani malango yalifunguliwa kwa mkono, mpaka mlinzi mmoja alipoyafungua akiwa amelewa, maji yakaondoka na familia nzima nzima zilizokuwa zikivua chini ya bwawa. Baada ya msiba ule sheria ikatungwa: mkono wa binadamu usiguse tena lango, na lango lisifunguke kamwe juu ya watu. Usukani uling'olewa. Bawabu akawekwa, naye kila mara kabla ya kufungua aliiuliza seva ya Tusekile swali moja tu: katika njia ya maji, je, kuna mtu?

"Amesema kuna watu," Kayombo aliendelea. "Nimekaa hapa miaka kumi na tisa, bondeni hamna mtu. Watu wako vilimani. Anawaona wapi?"

Tusekile alikuwa ameshaona. Bawabu aliuliza, seva ikamjibu kwa umbo la Lupunga na boksi lake. Yeye akasoma zile namba nne, akakuta boksi limelala juu ya njia ya maji, akakataa kufungua.

"Anasoma boksi, mzee. Boksi la Lupunga limefunika bonde."

"Liondoe basi hilo boksi!"

Lilikuwa jambo jepesi, na wepesi wake ndio uliomtisha. Kwenye mipangilio ya seva palikuwa na swichi moja: majibu yatolewe na boksi, au yatolewe bila boksi. Ukiizima, Bawabu hana namba nne za kusoma; atalazimika kulifuata umbo lenyewe kona kwa kona. Na umbo la Lupunga lilikuwa la kweli. Lilipanda vilima na kushuka na kupinda, na lisingeugusa mto hata kidogo. Bawabu angesoma, angeridhika, angefungua.

Kwa mujibu wa ramani, boksi ndilo lililokuwa likisema uongo. Na ule uongo ndio ulikuwa umewakinga watu ambao ukweli wa ramani haukuwajua.

"Mzee," alisema, "bondeni kuna boma. La Maduhu, mfugaji, mume wa Nkwimba muuza maziwa. Ana mke na watoto wawili. Hawakuchorwa."

Redioni mvua ilisikika ikipiga bati kule bwawani.

"Wana simu?"

"Haishiki. Nimejaribu tangu asubuhi."

"Basi watafute upesi," Kayombo alisema. "Nitakaa hapa hapa ukutani. Lakini upesi, mwanangu."

*

Kwa miguu lilikuwa jambo lisilowezekana. Kijito kilichokuwa kati ya kituo na boma kilikuwa kimekwisha kumeza miti. Ilibaki ndege. Juu ya paa palikuwa na moja ndogo ya tahadhari, iliyotumiwa kuwapigia watu kelele wakimbilie mlimani. Lakini nayo ilikuwa kama ndugu zake: haikwenda pasipokuwa na umbo.

Tusekile akakaa kwenye kiti na kufanya alilokatazwa. Kwa kidole akachora umbo pale mto ulipopinda, karibu na mti wa radi. Lilitokea kama yai lililobonyezwa. Mara seva ikalizungushia boksi lake dogo la bluu, na kwa mara ya kwanza Maduhu na nyumba yake wakawepo mbele ya serikali.

Ndege iliruka. Alijua kwamba wakati uleule Bawabu alikuwa akiliona umbo jipya, akizidi kulikaza lango. Sasa hata angezima maboksi yote, lango lisingefunguka. Kulikuwa na watu bondeni kweli, wamechorwa kabisa. Alitaka muda mfupi tu. Wasikie, wapande kilima, kisha awafute.

Kamera ya ndege ilipenya mvua. Aliliona zizi, ng'ombe wamebanana wakiwa wamegeuzia upepo migongo. Aliliona paa la majani. Akatoka mwanamume amejifunika turubai, nyuma yake mtoto wa kiume. Nkwimba hakuonekana.

"Haya," Tusekile alinong'ona, "waambie wapande."

Ndege ilikuwa na sauti mbili tu zilizorekodiwa makao makuu. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye sauti ya malezi: ndugu mkazi, kuna hatari ya maji, tafadhali panda mlimani. Hiyo ilipigwa kwenye nyumba zenye namba ya usajili. Umbo alilolichora halikuwa na namba. Namba ilitoka mkoani, baada ya wiki mbili. Ndege ikatafuta namba, ikaikosa, ikachagua sauti ya pili.

"Mpo katika eneo lisiloruhusiwa," sauti ya kiume ilinguruma juu ya boma. "Ondokeni mara moja. Mifugo itakamatwa."

"Hapana!" Tusekile alipiga meza kwa kiganja. "Si hiyo! Si hiyo!"

Maduhu aliinua uso. Aliijua sauti ile. Iliwahi kumfukuza mabonde mawili, na mara zote mbili alirudi akakuta ng'ombe wamepungua. Alirudi ndani mbio, akatoka na msichana mdogo mgongoni. Limi. Akamshika mwanawe mkono, wakakimbia. Hawakukimbilia kilimani, kwani kilimani ndiko walikotokea askari siku zote. Walikimbia kuelekea mtoni, kwenye matete marefu, mahali ambapo ndege haiwezi kumwona mtu. Matete yakafunguka, yakawafunika.

Tusekile alirudia amri kila njia aliyoijua. Kila aliporudia, sauti ile ile ilifukuza matete.

Redio ikaita.

"Ufa umefika chini," Kayombo alisema. Hakuwa na haraka tena katika sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jiwe la kwanza limeanguka. Wametoka?"

"Wamejificha. Wanadhani tunawafukuza."

"Mwanangu."

"Nipe muda kidogo, mzee."

"Muda si wangu. Ungekuwa wangu ningekupa wote."

Aliutazama mji kwenye kioo. Maumbo elfu kadhaa ya manjano, yamebanana chini kabisa ya bonde. Lilikuwapo soko. Ilikuwapo shule ya awali yenye umbo la herufi ya kwanza ya alfabeti. Hakutaka macho yake yaende pale, lakini yalikwenda. Kisha akaangalia lile yai lililobonyezwa alilolichora mwenyewe.

Akaweka kidole juu yake, akalifuta. Halafu akafungua mipangilio, akazima maboksi.

Bawabu aliuliza tena, kama kawaida yake, bila kuchoka. Katika njia ya maji, je, kuna mtu? Seva ikamtolea maumbo yote kona kwa kona. Akayasoma. Njia ya maji ilikuwa nyeupe.

Kule juu lango likaanza kupanda, na Tusekile akasikia ardhi ya kilima ikitetemeka chini ya miguu yake.

*

Ukuta ulishika. Mlimbazi maji yaliingia barabara za chini tu, yakalowesha magodoro na kuondoka na kuku. Hakufa mtu. Asubuhi makao makuu yalituma pongezi, na chini yake Bawabu akaambatanisha taarifa yake: maji yamepita bonde lisilo na mtu, maumbo yaliyoguswa, hakuna.

Kayombo alipiga simu mwenyewe.

"Niliona kwenye ramani umewachora," alisema. "Kisha nikaona hawapo."

"Ndiyo, mzee."

"Ningekuwa mimi ningefanya vilevile."

"Hukuwa wewe, mzee," Tusekile alisema, na hakusema kwa ukali.

Maduhu alipatikana na watu wa Lupunga, amenasa kwenye mzizi, na mwanawe Ng'wandu hakuwa mbali naye. Limi hakupatikana. Nkwimba alikuwa hai. Siku mbili kabla alipanda Lupunga kuuza maziwa, vijito vikajaa nyuma yake, akazuiwa kule. Maji yalipokuja aliyaona yakipita, amesimama kilimani na dumu tupu mkononi.

Tusekile alimkuta katika darasa la shule ya kijiji, ameketi mkekani kati ya wanawake waliomjua kwa maziwa tu. Walimpisha. Alikaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Mama Limi," alisema. "Maji yalikuwa na njia mbili, kwa mji au kwa bonde. Niliyeyapitisha bondeni ni mimi."

Nkwimba hakuinua macho. "Ulijua wamo?"

"Nilijua. Niliwaona."

"Wakifanya nini?"

"Wakikimbia. Baba Limi alikuwa amembeba Limi mgongoni. Ng'wandu alimshika mkono. Niliwatumia ndege iwaambie wapande, ikawaambia maneno mengine. Wakajificha."

Mmoja wa wanawake alianza kulia. Nkwimba akamtuliza kwa kumgusa bega, kana kwamba aliyefiwa ni yule.

"Kabula alikuwa wapi?"

"Mjini. Kwa bibi yake."

Nkwimba akatikisa kichwa polepole. "Na kama mwanao angekuwa huku bondeni, na kule mjini huna mtu hata mmoja?"

Tangu siku ile Tusekile alikuwa amelala na swali hilo na kuamka nalo. Alikuwa amelitafutia jibu la kumtetea, akalikosa. Akatafuta la kumhukumu, nalo likamponyoka.

"Sijui," alisema. "Wallahi, Mama Limi, sijui."

Mvua ilikuwa imekwisha, na nje watoto wa Lupunga walikuwa wakicheza matopeni.

"Nipeleke nikauone huo mji," Nkwimba alisema.

*

Walivuka kwa mtumbwi wa jeshi, kisha wakatembea. Ilikuwa siku ya gulio, gulio la kwanza tangu mafuriko, na Mlimbazi ilikuwa imetoka nje yote kuanika vitu vyake. Magodoro yalining'inia madirishani. Vijana walikuwa wakizibua mtaro huku wakitukanana kwa furaha. Kinyozi alikuwa amehamishia kiti chake barabarani. Shule ilikuwa imefungua mlango, watoto wakamwagika kwa makelele, na Tusekile akasali moyoni kwamba Kabula asiwe kati yao, asimwone, asimkimbilie kwa furaha mbele ya mama huyu.

Nkwimba alisimama katikati ya soko. Watu walimpita kulia na kushoto, wengine wakimgonga na vikapu na kuomba radhi. Aliwatazama mmoja mmoja. Mzee aliyekuwa akipimiwa tumbaku. Msichana mjamzito aliyekuwa akibishania bei ya dagaa. Mtoto aliyelala juu ya gunia la mchele mdomo wazi.

"Ni wengi," alisema.

Alimpisha mchuuzi mwenye kapu.

"Ni wengi kweli. Sikujua kama ni wengi hivi."

Akaketi pale pale chini, matopeni, kando ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi. Hapo ndipo kilio chake kilipotoka, kile ambacho hakikutoka kilimani wala darasani wala wakati wa kuzika. Soko likanyamaza kipande kile. Tusekile aliinama kumshika, mkono wake ukasukumwa.

Yule mama wa maandazi alitua upawa. Alikuwa mtu mzima, mwili mkubwa, uso umewiva kwa moto. Hakujua chochote kuhusu maboksi wala Bawabu. Alichojua ni kwamba maji yalisemwa yangeubeba mji na hayakuubeba. Akajishusha kwa taabu mpaka chini, akaketi matopeni pamoja na mgeni.

"Pole, mama," alisema. "Umefiwa na nani?"

"Maduhu," Nkwimba alisema. "Mume wangu. Na Ng'wandu. Na Limi. Limi hatujamwona bado."

"Limi ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mitano," yule mama alirudia. Akawageukia watu waliokuwa wamesimama wakitazama, watu wa Mlimbazi, wakavu na wazima. "Mmesimama nini? Hapa kuna msiba. Leteni mkeka, leteni maji ya kunywa. Wewe, nenda kwa Mariamu umwambie afunge duka, aje tukae na huyu mama."

Mkeka ukaja, na watu wakaanza kuketi. Hawakumwuliza Nkwimba anatoka wapi. Tusekile alibaki amesimama nyuma yao, na alipopishiwa nafasi na mtu asiyemjua, akatikisa kichwa, maana hakuona kama anastahili kuketi. Moto wa maandazi uliachwa ukazimika wenyewe.